Kusikiliza Figo ya Mtu Mwingine

Figo ya kwanza ya binadamu kupandikizwa kwa binadamu mwenzake haikuwekwa tumboni. Iliwekwa pajani. Ilikuwa Aprili 1933, mjini Kherson, Ukraine, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Daktari wa upasuaji Yurii Voronoy aliletewa mwanamke wa miaka 26 aliyekunywa sumu ya zebaki, na figo zake zilikuwa zimezimika. Voronoy alichukua figo ya mwanamume aliyefariki kwa kuumia kichwa, akaiunganisha na mishipa ya damu ya pajani, kisha mrija wa mkojo akautoa nje ya ngozi. Kwa namna hiyo hakuhitaji mashine yoyote kujua figo ile inafanya nini. Tone la mkojo lingetoka, angeliona kwa macho yake.

Mgonjwa alifariki baada ya siku mbili. Damu yake ilikuwa kundi O, na ya mwenye figo ilikuwa kundi B.

Historia ya upandikizaji wa figo husimuliwa zaidi kama historia ya mikono ya madaktari wa upasuaji, au historia ya dawa. Zote mbili ni za kweli. Lakini kuna historia ya tatu ambayo mimi imeniingia moyoni kwa sababu nitakayoieleza mbele: historia ya kujua. Figo ikishafungiwa ndani ya mwili wa mtu, ngozi ikashonwa, utajuaje kwamba mwili ule umeanza kuikataa? Na utajuaje mapema, kabla haijaharibika kabisa?

Kwamba mwili hukataa, na kwamba hukataa kwa kukusudia, kulithibitishwa Glasgow, Uskoti, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanabiolojia Peter Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimhudumia mwanamke aliyeungua vibaya. Walimpandikizia vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilishika, kisha vikafa. Walipompandikizia tena ngozi ya kaka yuleyule, vipande vya awamu ya pili vilikufa haraka zaidi kuliko vya kwanza. Hilo ndilo lililomshtua Medawar. Kama ngozi ingekuwa inakufa kwa udhaifu wake yenyewe, awamu zote mbili zingechukua muda uleule. Haraka ile ilimaanisha mwili wa dada ulikuwa umemkumbuka mgeni. Mfumo wa kinga una kumbukumbu. Kwa kazi iliyofuata baada ya hapo, Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Paris ndiko hatua iliyofuata ilikopigwa. Mwaka 1951 René Küss na wenzake walianza kupandikiza figo, baadhi zikitoka kwa wafungwa waliokatwa vichwa kwa hukumu ya mahakama. Karibu zote zilikataliwa. Lakini Küss aliacha kitu kimoja ambacho hakijabadilika hadi leo: mahali. Figo mpya aliiweka chini kabisa ya tumbo, upande mmoja, kwenye bakuli la nyonga, karibu na kibofu na mishipa mikubwa ya damu. Alipachagua kwa ajili ya urahisi wa kushona. Hakujua kwamba alikuwa ameiweka figo sentimita chache tu chini ya ngozi, mahali ambapo miaka ishirini na kitu baadaye chombo kingine kingeweza kuifikia bila kisu.

Desemba 1952, katika hospitali ya Necker mjini humo, kijana wa miaka 16 aitwaye Marius Renard alipewa figo ya mama yake. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, figo yake ikapasuka, ikatolewa. Ndipo ikagundulika kwamba alizaliwa na figo moja tu. Figo ya mama ilifanya kazi kwa takriban wiki tatu, Ufaransa nzima ikifuatilia habari zake magazetini. Kisha ikanyamaza. Kijana alifariki Januari 1953.

Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake walifanikiwa mjini Boston, Marekani. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard, na Richard akaishi miaka minane zaidi. Murray aliitumia nyonga, kama Küss. Lakini tusisahau kwamba mapacha wale walikuwa wa kufanana. Kabla ya upasuaji walijaribiwa kwa kubadilishana vipande vya ngozi, na ngozi ikashika. Boston ililizunguka swali la kukataliwa, haikulijibu.

*

Wakati hayo yakiendelea, chombo kitakachokuja kulichungulia swali hilo kilikuwa kinakua mahali pengine kabisa. Mwaka 1880, Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipitishia umeme, hutikisika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alitumia fuwele za kwatzi kutuma majini sauti kali ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, na kupokea mwangwi wake, ili kuzitafuta nyambizi za Wajerumani. Baadaye viwanda vikachukua wazo lilelile kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma.

Na hapa tunarudi Glasgow. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa uzazi ambaye vitani alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza, alikwenda kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichokuwa Renfrew, jirani na jiji hilo. Ndani ya buti za magari mawili alikuwa amebeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa: mwingine mgumu, mwingine uliojaa maji. Kiwanda kilitoa kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mashine ya kukagulia chuma ikapitishwa juu ya vitu vile, na mwangwi ukatofautisha kigumu na chenye maji. Mwaka 1958 Donald, John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet, picha za tumbo zilizochorwa kwa mwangwi. Huo ndio mwanzo wa altrasaundi ambayo leo kila mama mjamzito anaijua.

Kumbe jiji moja lililotuonyesha kwamba mwili hukataa ndilo lililotupa jicho la kuuangalia ukikataa. Hakuna aliyepanga hivyo.

*

Kwa nini jicho lilihitajika? Kwa sababu dawa zilibadilisha sura ya ugonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, azathioprini iliwezesha kupandikiza figo kati ya watu wasio mapacha. Enzi hizo kukataliwa kulikuja na kelele. Mgonjwa alipata homa, figo ilivimba na kuuma ukiigusa, mkojo ulipungua, shinikizo la damu lilipanda. Daktari mzoefu alitambua kwa mkono. Kisha ikaja siklosporini, dawa iliyopatikana kwenye kuvu wa udongo uliochotwa nyanda za juu za Norwei. Roy Calne aliijaribu kwa wagonjwa wa Cambridge mwaka 1978, na Marekani iliiruhusu mwaka 1983. Figo nyingi zaidi zilidumu. Lakini dawa hiyo ilileta mambo mawili magumu. La kwanza, ilizima kelele: mwili uliweza kukataa kimyakimya, bila homa wala maumivu. La pili lilikuwa baya zaidi. Siklosporini yenyewe, ikizidi kwenye damu, huibana mishipa midogo ya figo na kuijeruhi.

Fikiria mtihani wa daktari wa mwaka 1985. Kreatini kwenye damu imepanda, maana yake figo haichuji vizuri. Je, mwili unaikataa figo kwa sababu dawa ni kidogo? Au figo inaumizwa kwa sababu dawa ni nyingi? Jibu la kwanza linadai uongeze dawa, la pili linadai uipunguze. Ukikosea upande wowote, unaiua figo uliyotaka kuiokoa. Njia ya uhakika ilikuwa biopsi: kuingiza sindano, kuchomoa kinyama cha figo chembamba kama uzi, na kukitazama kwa hadubini. Sindano hiyo huweza kusababisha damu kuvuja, na hakuna anayetaka kuchomwa kila wiki.

Ndiyo maana altrasaundi ilipokelewa kwa matumaini makubwa. Katika miaka ya 1970 madaktari walikuwa tayari wanapitisha kifaa juu ya nyonga na kuiona figo ya Küss pale pale alipoiacha, karibu na ngozi. Walitafuta dalili: figo iliyonenepa, sehemu zake za ndani zenye umbo la piramidi zilizovimba na kuwa nyeusi, mpaka kati ya tabaka la nje na la ndani uliofifia. Dalili zilikuwepo, lakini zilitegemea sana jicho la mtazamaji, na nyingi zilichelewa.

Ndipo likaja wazo la kuacha kutazama umbo la figo na kusikiliza damu yake. Wazo hilo lina mizizi Praha, ambako mwaka 1842 Christian Doppler aliandika kuhusu rangi za nyota pacha. Alidai kwamba chanzo cha wimbi kikikukaribia, masafa unayoyapokea hupanda, na kikienda mbali hushuka. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilijaribu dai hilo kwa kuwapakia wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, huku wanamuziki wengine wakisimama kando ya reli kusikiliza kama noti inabadilika. Ilibadilika. Sisi tunaisikia kila siku kwenye honi ya basi linalotupita barabarani. Miaka ya 1950, Mjapani Shigeo Satomura wa Osaka alianza kuitumia kanuni hiyo mwilini: chembe za damu zinazokimbia zinarudisha mwangwi uliobadilika, na badiliko hilo linakwambia kasi yake.

Mwaka 1974 Mfaransa Léandre Pourcelot alipendekeza hesabu rahisi ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Pima kasi ya damu moyo unaposukuma. Pima kasi iliyobaki moyo unapopumzika. Toa ya pili kwenye ya kwanza, kisha gawa kwa ya kwanza. Tuseme damu inakwenda sentimita 40 kwa sekunde moyo ukisukuma, na 14 ukipumzika: 26 gawa kwa 40 ni 0.65. Hiyo ni figo tulivu. Damu inaingia muda wote, hata kati ya pigo na pigo, kwa sababu mishipa yake midogo iko wazi. Figo ikivimba na mishipa ikabanwa, damu ya mapumziko hupungua. Ikishuka hadi 4, hesabu inakuwa 0.90. Namba hiyo huitwa kielezo cha ukinzani.

Mwaka 1987 kundi la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti ulioichangamsha taaluma nzima. Katika figo walizozipima, zile zilizozidi 0.90 zote zilikuwa zimekataliwa. Hebu fikiria maana yake: namba moja, isiyo na kisu wala sindano, inayopatikana kwa dakika chache, inayosema ndiyo au hapana. Haikudumu. Ndani ya miaka michache wengine walipima na kukuta namba hizohizo za juu kwenye figo ambazo hazikukataliwa: zilizochelewa kuamka baada ya upasuaji, zilizozibwa njia ya mkojo, zilizozidiwa na siklosporini, hata zile zilizokandamizwa tu na mkono mzito wa anayepima. Na walikuta figo zinazokataliwa ambazo namba yake ilikuwa ya kawaida.

*

Haya yote ningeweza kuyaacha vitabuni kama si dada yangu. Ana figo ya mama yetu. Mwezi wa nne baada ya kupandikizwa, kreatini yake ilipanda, na daktari akaandika apimwe altrasaundi siku hiyo hiyo. Niliruhusiwa kuingia naye. Mtaalamu alimpaka jeli, akaweka kifaa chini ya tumbo upande wa kulia, na baada ya muda chumba kikajaa sauti ya damu: vuu, vuu, vuu, kama upepo unaopita kwenye tundu la mlango. Kwenye skrini kulikuwa na milima myeupe iliyofuatana, na pembeni namba: 0.81.

Nilikuwa nimesoma kiasi cha kuijua namba ile. Nikamuuliza, "Dokta, ndiyo imekataliwa?"

Hakuacha kazi yake. "Mdogo wangu, hii haijui kusema hivyo. Inasema damu inaingia kwa shida. Haisemi kwa nini."

Akaendelea kutaja alichokiona, mwandishi wake akiandika: mrija wa mkojo haujaziba, hakuna maji yaliyokusanyika kando ya figo, ateri iko wazi, vena iko wazi. Wakati ule niliona kama anakwepa swali. Nje, mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Hakuuliza kuhusu namba. Aliuliza, "Ndiyo kusema mwili wa mwanangu umenikataa?"

Lugha yetu haina neno jingine. Kijana anayepeleka posa hukataliwa, mtoto asiyetakiwa hukataliwa, na figo hukataliwa. Madaktari wanasema "kukataliwa" kama fundi anavyosema "kuungua" kwa fyuzi. Mama alilisikia kama linavyosikika mtaani. Nilimwambia, "Hapana mama, bado hawajui." Lilikuwa jibu la kweli.

Biopsi ilifanyika kesho yake, sindano ikiongozwa na altrasaundi ileile. Kinyama hakikuonyesha kukataliwa. Kipimo cha damu kilionyesha takrolimasi, dawa ya ukoo wa siklosporini kwa tabia zake, imezidi. Dozi ikapunguzwa, na kwa wiki mbili kreatini ikateremka. Kama wangeifuata namba peke yake na kuiona ni kukataliwa, wangemwongezea dawa ileile iliyokuwa inamuumiza. Mtihani wa mwaka 1985 ulikuwa umemkuta dada yangu, na safari hii kilichomwokoa ni mtu aliyekataa kuilazimisha namba iseme zaidi ya inachojua.

*

Baadaye nilitafuta namba ile iliishia wapi kwenye historia. Mwaka 2003, katika The New England Journal of Medicine, watafiti wa Hannover, Ujerumani, waliwafuatilia wagonjwa 601 na kuripoti kwamba waliokuwa na kielezo cha 0.80 au zaidi walikuwa na hatari kubwa ya kupoteza figo au kufariki. Ilionekana kama namba imefufuka: haitambui kukataliwa, basi inatabiri kesho. Mwaka 2013, katika jarida hilohilo, watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima wagonjwa 321 kwa vipindi vilivyopangwa na kulinganisha na biopsi. Walihitimisha kwamba, ikipimwa kwa ratiba ya kawaida, namba ile inaeleza hali ya mpokeaji na si hali ya figo. Mpokeaji mwenye umri mkubwa na ateri zilizokakamaa ana namba ya juu, hata kama figo yenyewe haina kasoro. Karibu miaka 26 baada ya 1987, ilibainika kwamba waliodhani wanamsikiliza mgeni, mara nyingi walikuwa wanamsikiliza mwenyeji.

Je, altrasaundi ilishindwa? Sioni hivyo. Ilipata kazi yake. Ndicho kipimo cha kwanza figo mpya inapoyumba, kwa sababu huondoa haraka majibu mengine ambayo hayangoji: mshipa ulioziba kwa damu kuganda, mkojo uliokwama, majimaji yanayoikandamiza figo. Hayo yakishaondolewa, ndipo swali la kukataliwa linabaki peke yake mezani, na altrasaundi inaielekeza sindano mahali salama na kuangalia kama damu inavuja baadaye. Uamuzi hutolewa kwenye hadubini, kwa vigezo vilivyoanza kuwekwa mwaka 1991 katika mkutano wa mjini Banff, Kanada, ili daktari wa nchi moja na wa nchi nyingine waite kitu kimoja kwa jina moja.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walisafiri, wengi wao India. Sasa mpokeaji figo anaweza kuishi mkoani, ambako mashine ya altrasaundi ipo lakini mtaalamu wa kusoma kinyama cha figo yuko mbali. Kishawishi cha kuipa mashine iliyopo kazi ya mtu asiyekuwepo ni kikubwa, na kinaeleweka. Ndiyo sababu naona historia hii si ya watu wa Glasgow na Leuven peke yao.

Na vipimo vipya vinakuja: viputo vidogo vinavyodungwa kwenye damu ili mishipa ionekane vizuri, altrasaundi inayopima ugumu wa figo, kipimo cha damu kinachohesabu vipande vya DNA ya mtoaji vinavyoelea ndani ya mpokeaji. Kila kimoja kinaanza na sifa zilezile za mwaka 1987. Huenda kimoja kikazitimiza. Mpaka hapo, mkiwa na ndugu kwenye chumba kile na namba ikatokea kwenye skrini, muulizeni anayepima maswali mawili: namba hii inaweza kupandishwa na nini kingine, na tutajuaje ni kipi. Ana majibu, na aghalabu hufurahi kuulizwa.